Tela Nalo Lifunge Breki

Ndugu msomaji, je, umewahi kushusha mikungu ya ndizi mlimani kwa baiskeli? Watu wa Ngara wanaijua kazi hiyo. Wakati wa kupanda, wewe unaisukuma baiskeli. Wakati wa kushuka, baiskeli inakusukuma wewe. Unakaza breki ya mkono, lakini mzigo ulio nyuma unataka kuendelea na safari. Ndipo mtu huteremka na kuishikilia baiskeli kwa nguvu zake zote.

Gari linalovuta tela hupata taabu hiyo hiyo. Dereva anataka kusimama, tela linataka kwenda. Katika somo hili tutajifunza jinsi ya kulifanya tela nalo lifunge breki.

1. BARABARA ZETU

Barabara kuu kutoka Dar es Salaam kwenda Rwanda na Burundi hupita katika wilaya za Biharamulo na Ngara. Wilayani Biharamulo hupita Nyakanazi, Lusahunga na Nyakahura. Kisha huingia Ngara na kufika Benaco. Karibu na Benaco njia hugawanyika. Moja huenda Rusumo, penye daraja la mto Kagera, mpakani mwa Rwanda. Nyingine huenda Kabanga, mpakani mwa Burundi.

Simama kando ya barabara hiyo uangalie malori makubwa. Lori likisimama, utasikia sauti ya upepo: psss! Hizo ni breki za upepo. Dereva hukanyaga pedali moja tu, na magurudumu yote hufunga breki, ya lori na ya tela pia.

Sasa angalia pikapu inayovuta tela dogo. Tela hilo hubeba maharage, ndizi, mahindi au kahawa. Je, magurudumu ya tela yana breki? Mara nyingi hayana. Na mara nyingine yanazo, lakini hazifanyi kazi.

2. MZIGO WA MAHARAGE

Hadithi hii ni ya mfano. Soma, kisha ufikiri.

Wakulima wa kijiji kimoja cha Ngara waliunda kikundi. Walinunua pikapu, na baadaye wakanunua tela lililotumika. Ndani ya magurudumu mawili ya tela mlikuwa na breki za umeme. Lakini pikapu haikuwa na kifaa cha kuziongoza breki hizo. Aliyewauzia tela alikuwa amezikata nyaya za breki na kuzifunga kwa mpira. "Hizi hazina kazi," alisema.

Siku moja walipakia magunia 15 ya maharage kwenye tela. Mweka hazina wa kikundi, mama wa watoto wanne, alipanda juu ya magunia. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi.

Kwenye mteremko mrefu dereva alikuwa katika gia namba nne. Mwendo ukazidi. Alikanyaga breki, lakini tela likaisukuma pikapu kwa nyuma. Kwenye kona tela likaenda upande, likapinduka mtaroni. Magunia sita yalipasuka. Mweka hazina alivunjika mkono.

Jioni wanakikundi walikutana. Mama Mwenyekiti aliuliza:

"Dereva, ulikanyaga breki?"

"Nilikanyaga, mama. Pikapu ilitaka kusimama. Tela lilikataa."

Mwenyekiti akamwita fundi wa umeme wa magari kutoka Biharamulo mjini. Fundi aliziona nyaya zilizokatwa, akatikisa kichwa. Alisema tela linahitaji kisanduku cha kuongozea breki, nacho kifungwe ndani ya pikapu.

Mzee mmoja hakukubali. "Fundi, fedha zetu ni chache. Mimi nimeendesha mkokoteni wa ng'ombe miaka mingi bila kisanduku chochote."

"Mzee wangu," fundi alijibu, "ukishuka mlima na mkokoteni uliojaa, unafanyaje?"

"Nafunga gogo nyuma, liburute chini."

"Basi, mzee, gogo lako ndiyo breki ya tela. Linauzuia mzigo kutokea nyuma, ili usiwasukume ng'ombe. Nami nataka kufanya hivyo hivyo, ila kwa umeme."

Mzee alicheka. Kikundi kikakubali kununua kisanduku.

3. KWA NINI TELA HUSUKUMA GARI?

Tufanye hesabu ya mzigo ule.

Gunia moja lilikuwa na kilo 100. Magunia 15 ni kilo 1,500. Tela tupu lilikuwa na kilo 500. Jumla ni kilo 2,000, yaani tani 2.

Pikapu yenyewe ilikuwa na uzito wa karibu tani 2. Kwa hiyo breki zilizotengenezwa kusimamisha pikapu zilitakiwa kusimamisha mzigo mara mbili. Breki hufanya kazi kwa kusuguana, na kusuguana huleta joto. Breki zikipata joto kali mno, nguvu yake hupungua. Dereva hukanyaga, lakini gari halisimami.

Mwendo nao una hesabu yake. Ukiongeza mwendo mara mbili, umbali wa kufunga breki hadi kusimama huongezeka mara nne. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, gari huenda mita 11 kwa sekunde moja. Dereva akichelewa sekunde moja kukanyaga breki, gari limekwisha kwenda mita 11.

Katika nchi za Ulaya, tela lenye uzito wa zaidi ya kilo 750 pamoja na mzigo wake ni lazima liwe na breki zake lenyewe. Tela la kikundi lilikuwa na kilo 2,000. Nasi tunayo Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Lakini mlima hausubiri askari. Tela likiwa zito, lipewe breki.

4. BREKI YA UMEME HUFANYAJE KAZI?

Ndani ya gurudumu la tela mna dramu. Dramu ni kama chungu cha chuma, nayo huzunguka pamoja na gurudumu. Ndani ya dramu mna vitu viwili muhimu:

(a) sumaku ya umeme;
(b) vipande viwili vya kusugua, ambavyo mafundi huviita brekishuu.

Umeme ukifika, sumaku hunata kwenye dramu inayozunguka. Dramu huivuta sumaku, na sumaku huvuta mkono wa chuma. Mkono huo husukuma brekishuu. Brekishuu hukaza dramu kwa ndani, na gurudumu hupunguza mwendo.

Umeme ukiwa mdogo, breki hushika kidogo. Umeme ukiwa mwingi, breki hushika sana. Ni nani anayepima umeme huo? Ni kile kisanduku ndani ya gari. Dereva anapokanyaga breki, kisanduku hupeleka umeme kwenye tela.

Visanduku viko vya aina mbili. Aina ya kwanza hupeleka umeme kwa kiasi alichopanga dereva, hata kama amekanyaga breki polepole. Aina ya pili hupima jinsi gari linavyopunguza mwendo. Gari likipunguza kidogo, tela nalo hupunguza kidogo. Gari likisimama ghafla, tela nalo hufunga kwa nguvu. Aina hii ya pili ni bora kwa milima.

5. KUKIFUNGA KISANDUKU

Kazi hii ni ya fundi wa umeme wa magari. Lakini mwenye gari aielewe, ili aweze kuikagua.

Kwanza, tazama betri. Visanduku vingi vya pikapu hutumia umeme wa volti 12. Malori mengi hutumia volti 24. Kisanduku cha volti 12 kisifungwe kwenye gari la volti 24, kitaungua.

Pili, fungua waya wa hasi kwenye betri kabla ya kuanza kazi. Waya huo urudishwe mwisho kabisa.

Tatu, chagua mahali pa kisanduku. Mkono wa dereva ukifikie bila yeye kuinama. Kisigonge goti lake. Kama ni kisanduku kinachopima mwendo, kifungwe kwa kuelekea upande ambao kitabu chake kimeonyesha.

Nne, unga nyaya. Kisanduku huwa na nyaya nne. Rangi zake kwa kawaida ni hizi:

Waya mweusi: huleta umeme kutoka chanya ya betri.
Waya mweupe: huenda kwenye hasi ya betri.
Waya mwekundu: huungwa kwenye swichi ya breki. Hukijulisha kisanduku kwamba dereva amekanyaga.
Waya wa buluu: hupeleka umeme kwenye breki za tela.

Usiamini rangi peke yake. Soma kitabu kilichokuja na kisanduku. Watengenezaji wengine hutumia rangi nyingine.

Waya mwekundu ndio unaowapotosha watu. Uungwe mahali ambapo umeme hufika wakati pedali imekanyagwa tu. Fundi apime kwa taa ya kupimia. Akikanyaga pedali, taa iwake. Akiachia, taa izime. Kama taa inawaka wakati wote, hapo si mahali pake.

Waya mweusi utoke kwenye betri moja kwa moja. Usiuchukue kwenye redio. Nyaya za redio ni nyembamba, zitapata moto. Karibu na betri pafungwe kikata umeme, ambacho hukata umeme ukizidi. Kwa tela lenye breki mbili au nne, kikata umeme cha ampea 20 hutosha. Sumaku moja hutumia karibu ampea 3. Breki mbili hutumia ampea 6, breki nne hutumia ampea 12.

Waya unapopita kwenye tundu la bati, uvalishwe mpira. Bati hukata waya kama kisu. Nyaya zifungwe vizuri, mbali na pedali na mbali na bomba la moshi.

6. KUJARIBU NA KUREKEBISHA

Fundi alipomaliza kazi, dereva alitaka kupakia mzigo mara moja. Fundi alimzuia.

"Kijana wangu, breki isiyojaribiwa si breki."

Waliliinua gurudumu moja la tela kwa jeki. Walikuwa wameweka mawe chini ya magurudumu mengine. Mwenyekiti alilizungusha gurudumu kwa mkono, kisha akaondoa mkono wake. Dereva akakanyaga pedali. Gurudumu likasimama. Walifanya vivyo hivyo upande wa pili.

Kisha walipakia mzigo, wakaenda kwenye barabara iliyonyooka, tambarare na kavu, isiyokuwa na watu. Dereva alikwenda kwa kilomita 40 kwa saa. Kisanduku kina swichi ndogo ya mkono, ambayo hufunga breki za tela peke yake. Dereva aliisukuma swichi hiyo. Tela lilivuta kidogo tu. Aliongeza nguvu kwenye kisanduku, akarudia. Aliongeza tena. Mara magurudumu ya tela yakakwama, yakaburuta kwenye barabara.

"Sasa imezidi," alisema fundi. "Rudisha nyuma kidogo."

Hicho ndicho kipimo. Breki ishike kwa nguvu, lakini magurudumu yasikwame. Gurudumu lililokwama huteleza, na tela huenda upande.

Kipimo hiki hakikai siku zote. Tela likiwa tupu, punguza nguvu. Likijaa, ongeza. Barabara ya udongo ikilowa, punguza. Kwa hiyo dereva ajaribu breki kila anapopakia au kupakua, kabla hajafika kwenye mteremko.

7. KUSHUKA MLIMA

Kisanduku ni msaada, lakini dereva ndiye mwenye kazi. Ashike mambo haya:

1. Abadilishe gia kabla ya kuanza kushuka. Ashuke kwa gia namba mbili au hata namba moja. Injini nayo hulizuia gari.
2. Asiondoe gari kwenye gia ili kuokoa mafuta. Mafuta kidogo si bei ya roho ya mtu.
3. Asikanyage breki mfululizo mlima mzima. Akanyage hadi mwendo upungue, aachie, breki zipoe.
4. Tela likianza kuyumba, aondoe mguu kwenye mafuta. Asikate usukani kwa ghafla. Atumie swichi ya mkono polepole, breki za tela zilivute nyuma hadi linyooke.
5. Mzigo mzito ukae mbele kidogo ya magurudumu ya tela. Ukikaa nyuma, tela huyumba.
6. Mtu asipande kwenye tela. Tela si basi.

Yako mambo mengine mawili ya kufunga. La kwanza ni minyororo miwili ya usalama. Ipitishwe kwa kukingamana chini ya kiungo cha kuvutia. Kiungo kikichomoka, minyororo italishika tela. La pili ni swichi ya dharura na betri ndogo juu ya tela. Kamba yake hufungwa kwenye pikapu. Tela likikatika, kamba huchomoa kipini, na umeme wa betri ndogo hufunga breki za tela.

Kumbuka pia: breki hizi hazifai kulishikilia tela lililosimama. Sumaku huhitaji gurudumu linalozunguka ili ifanye kazi yake. Ukisimama mlimani, weka kabari au mawe makubwa nyuma na mbele ya magurudumu.

8. SAFARI YA PILI

Msimu uliofuata kikundi kilipakia tena magunia 15. Mweka hazina, mkono wake ukiwa umepona, alikaa mbele ndani ya pikapu. Alikuwa amekataa kabisa kupanda juu ya mzigo, na wenzake walikubaliana naye. Waliandika uamuzi huo katika daftari la kikundi.

Kabla ya mteremko dereva alisimama. Alikagua kiungo, minyororo, plagi ya nyaya na taa. Alijaribu swichi ya mkono. Aliweka gia namba mbili.

Walipofika kwenye kona ile ile, mweka hazina alishika kiti kwa mikono miwili. Dereva alikanyaga breki. Pikapu ilipunguza mwendo, na tela likapunguza pamoja nayo. Hakuna kilichowasukuma.

"Leo limekubali," alisema mweka hazina.

Maharage yote yalifika sokoni. Fedha za kwanza walizotoa zilikuwa za kumalizia deni la kisanduku.

MANENO YA KUKUMBUKA

Ampea: kipimo cha wingi wa umeme unaopita kwenye waya.
Volti: kipimo cha nguvu inayosukuma umeme.
Dramu: chungu cha chuma kinachozunguka na gurudumu.
Kabari: kipande cha mti au chuma cha kuzuia gurudumu.
Kikata umeme: kifaa kinachokata umeme ukizidi.

MASWALI

1. Kwa nini tela la kikundi lilipinduka? Taja sababu mbili au zaidi.
2. Gogo la mkokoteni na breki ya tela vinafanana kwa jambo gani?
3. Waya mwekundu huungwa wapi? Utajuaje kwamba umeungwa mahali pake?
4. Kwa nini magurudumu ya tela yasikwame wakati wa kufunga breki?
5. Kwa nini tuweke kabari tunaposimama mlimani?

HESABU

1. Tela tupu lina kilo 600. Limepakiwa magunia 9 ya mahindi, kila moja kilo 100. Jumla ni kilo ngapi? Je, ni zaidi ya kilo 750?
2. Tela lina breki nne. Kila sumaku hutumia ampea 3. Tela hutumia ampea ngapi? Kikata umeme cha ampea 10 kitatosha?

JADILIANENI DARASANI

Katika kijiji chenu, ni mteremko gani wenye hatari kuliko yote? Ni magari na mikokoteni gani hupita hapo? Watu hupanda juu ya mizigo? Mfanye nini pamoja ili mtu asiumie hapo? Andikeni mambo matatu mliyokubaliana, kisha myapeleke kwenye mkutano wa kijiji.

Tahadhari kabla ya hatari.